Upepo kwanza: baiskeli, gari na theluji ya Minnesota

Novemba ikifika hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, waendesha baiskeli wa milimani huulizana mambo mawili: gari gani litafikisha baiskeli msituni bila kunasa, na baiskeli gani itapita huko bila kuzama. Wengi hutazama injini, fremu na bei. Sisi tunaopita njia hizi kila msimu wa baridi tunaanzia chini kabisa, kwenye tairi na upepo uliomo ndani yake. Aliyewahi kuendesha gari kwenye mchanga wa pwani, Bagamoyo au Watamu, anaijua kanuni hii: gari likianza kuzama hukanyagi mafuta, unashuka na kupunguza upepo. Theluji inafanana na mchanga huo, ila ina vituko viwili zaidi. Inabadilika ugumu kila saa, na baridi yake inakuibia upepo huku unatazama.

Hesabu yake ni hii. Ukijaza tairi nene ya baiskeli ya theluji PSI 5 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ndani ya nyumba yenye nyuzi joto 20, kisha ukatoka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, tairi ikishapoa utabaki na kama PSI 2.6. Karibu nusu imekwenda na hakuna pancha. Geji haihesabu mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, ambao ni karibu PSI 14.7. Upepo wa ndani unasinyaa kwa kufuata jumla ya vyote viwili, lakini hasara yote inakatwa kwenye zile 5 zako. Ndiyo maana mtu anapima vizuri sebuleni, akifika njiani baiskeli inamyumbisha na rimu inagonga mizizi, naye anailaumu tairi. Pima nje, baiskeli ikiwa imepoa dakika 20 hadi 30.

Pima pia kwa geji inayofaa. Pampu ya kusimama yenye geji ya hadi PSI 160 haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya 4 na 6, na kwenye theluji tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Nunua geji ndogo inayoishia PSI 15, au ya kidijitali inayosoma nusu nusu. Ni kifaa cha bei ndogo, na tungekushauri ukinunue kabla ya nguo yoyote ya baridi.

Kwa mtu wa kilo 75 hadi 80, mwenye tairi ya inchi 4.8 juu ya rimu ya milimita 80, anzia hapa. Njia iliyoshindiliwa ikakaa usiku kucha na kuwa ngumu: PSI 6 hadi 8. Njia iliyoshindiliwa lakini bado laini: 4 hadi 5. Theluji mpya juu ya njia ngumu: 3, na wepesi wa mwili wanashuka mpaka 2. Tairi ya inchi 4 ongeza 1. Ukiwa na kilo 95 ongeza 1 nyingine. Hizo ni namba za kuanzia tu, mwisho wa maneno uko kwenye alama unayoiacha. Simama, geuka, tazama nyuma. Alama safi ya meno ya tairi maana yake upo sawa. Ukiona mfereji, toa upepo kidogo, panda tena mita 50, tazama tena. Mfereji wenye kina cha zaidi ya sentimita 2.5 hata baada ya kushusha upepo unasema njia yenyewe haiko tayari, na hapo unarudi nyumbani. Mfereji huo ukiganda usiku, kesho utamwangusha mwenzako.

Upepo ukizidi, tairi inakata theluji kama kisu na gurudumu la nyuma linazunguka bure kila kilima. Ukipungua mno, usukani unajivuta wenyewe kwenye kona, ukuta wa tairi unajikunja mikunjo mikubwa, na kama unatumia tyubu, tairi inateleza juu ya rimu na kung'oa shina la valvu. Mikunjo midogo midogo ukutani unapokaa kwenye tandiko ni dalili nzuri. Kwa sababu ya valvu kung'oka hivyo, wengi wetu tumeacha tyubu na kutumia ute wa kuziba pancha. Chagua ute ambao mtengenezaji ameandika kiwango cha baridi unachostahimili, kwa kuwa wa kawaida huganda ukawa donge moja linalogonga ndani ya tairi. Na usitegemee vichupa vya gesi. Kichupa cha gramu 16 kinachojaza tairi ya kawaida hakiifikishi mbali tairi nene, na ubaridi wa gesi ile unaweza kuugandisha ute. Beba pampu ya mkono yenye silinda kubwa.

Tairi nene si lazima kwa kila mtu, ingawa hapa ndipo kwao: baiskeli ya Pugsley, iliyoziingiza tairi hizi kwenye maduka ya kawaida mwaka 2005, ilitoka kwa Surly wa Bloomington, kusini tu mwa Minneapolis. Baiskeli ya milimani yenye tairi za inchi 2.4 inapita vizuri njia iliyoganda kwa PSI 15 hadi 18. Inashindwa tu theluji ikilainika. Hata hivyo, waangalizi wa njia nyingi zinazoshindiliwa wanadai tairi ya inchi 3.8 au zaidi na upepo chini ya PSI 10, kwa hiyo soma kibao cha mlangoni. Kule Theodore Wirth Park, bustani kubwa ya Minneapolis, njia za baiskeli na za watelezaji wa ski zinakaribiana. Usipande juu ya mifereji yao miwili iliyochongwa sambamba. Tairi moja inaharibu kazi ya saa nzima.

Vimisumari vya tairi ni suala jingine, na watu huchanganya. Theluji haihitaji vimisumari, barafu ndiyo inavihitaji. Mwishoni mwa Januari theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, kona zinakuwa kioo, na hapo hakuna upana wa tairi utakaokusaidia. Tafuta vyenye ncha ya kabaidi, yaani madini magumu kuliko chuma, kwa sababu vya chuma cha kawaida vinaisha upesi kwenye lami. Kama mfuko unaruhusu tairi moja tu ya vimisumari, ifunge mbele: gurudumu la nyuma likiteleza una nafasi ya kujiokoa, la mbele likiteleza uko chini kabla hujajua. Tairi mpya ipitishe kilomita 40 hadi 50 za lami bila kufunga breki kwa nguvu wala kukanyaga kwa kishindo, ili kila kimisumari kikae imara kwenye tundu lake. Wanaoruka hatua hii huacha nusu ya vimisumari njiani wiki ya kwanza.

Uendeshaji wenyewe ni wa mikono mitulivu. Shusha tandiko sentimita 2 ili mguu ufike chini haraka. Kaa, usisimame kwenye kilima, kwa kuwa uzito ukitoka nyuma gurudumu linazunguka bure. Chagua giya nyepesi na ukanyage kwa mzunguko laini. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, kwa breki ya nyuma zaidi. Juu ya barafu usifunge breki, usikate usukani, usikanyage. Acha baiskeli ipite yenyewe. Pedeli bapa zenye pini ndogo ni bora kuliko za kubana kiatu, kwani theluji huziba pale kiatu kinaponasa na chuma huvuta joto la unyayo.

Kuna hitilafu moja tunayotaka kila mtu aijue kabla haijamkuta kilomita 10 toka kwenye gari: friwili kuganda. Ndani yake mna vidole vidogo vinavyosukumwa na springi viume meno. Grisi nzito ikikauka kwa baridi, au unyevu ukiganda mle, vidole havinyanyuki, pedeli inazunguka na gurudumu halitembei. Kinga yake ni kufungua habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma mwanzoni mwa msimu, kusafisha grisi yote, na kupaka oili nyepesi au grisi inayokubali baridi kali, kidogo sana. Tiba ya njiani ni vibana sita vya plastiki vya kufungia nyaya: funga sproketi kubwa kwenye spoku, viwili viwili pande tatu, ukaze. Sasa baiskeli haina mteremko wa bure, miguu lazima izunguke muda wote; ukiacha kukanyaga cheni italegea na kuvunja kirekebisha giya. Enda polepole, utafika.

Betri ya baiskeli ya umeme ilale ndani, ichajiwe ndani, ifungwe dakika ya mwisho. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu moja kwa moja.

Sasa gari, na hapa ndipo hesabu ya baridi inarudi. Baiskeli iliyosafirishwa ndani ya gari lenye hita ikiwekwa chini msituni huyeyusha theluji inayoigusa, maji yanaingia kwenye giya na breki, na baada ya dakika kumi yote ni barafu. Baiskeli iliyofungwa kwenye keria nje inafika ikiwa tayari imepoa, lakini njiani imeoshwa na tope la chumvi inayomwagwa barabarani. Hakuna jibu lisilo na gharama. Tunachopendelea ni gari pana la familia, baiskeli ndani, hita imeelekezwa mbele tu, na kufika dakika 20 mapema ili ipoe kwanza nje, imeegemea mti, haijaguswa na theluji.

Ukienda kununua gari beba futi ya kupimia. Baiskeli ya tairi nene ina urefu wa kama sentimita 180, na ukitoa gurudumu la mbele inashuka karibu na 150. Usukani wake ni kama sentimita 76 hadi 80, na mara nyingi ndio unaokataa kupita. Chrysler Pacifica ya kawaida siti za katikati huzama sakafuni, ni nzuri mno kwa kazi hii. Ile ya haibridi hazizami, betri iko pale. Toyota Sienna kuanzia toleo la 2021 zote ni haibridi na unaweza kuipata inayosukuma magurudumu yote manne, lakini siti zake za katikati hazikutengenezwa kutolewa, zinasogezwa mbele tu. Jaribu na baiskeli yako mwenyewe kabla ya kusaini.

Ukichagua keria ya nyuma, iwe ya kuingia kwenye ndoano ya kuvutia trela yenye tundu la inchi 2 kama gari linaruhusu, na mabakuli ya magurudumu yawe ya inchi 5. Baiskeli mbili za kilo 15 pamoja na keria ya kilo 25 ni kilo 55 zinazoning'inia na kutikisika; hakikisha kwenye kitabu cha gari kwamba ndoano inaubeba uzito huo. Paka cheni oili nzito kabla ya safari, funika tandiko na usukani kwa mifuko. Keria ya juu inaepuka chumvi, lakini kunyanyua baiskeli nzito ukiwa na glavu juu ya barafu ni kutafuta kuvunjika kiuno.

Kusukuma magurudumu manne kunasaidia kuondoka. Hakusaidii kusimama wala kukata kona. Kinachosimamisha gari ni tairi za baridi, zote nne, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa jotoridi likishuka chini ya nyuzi 7, hata barabara ikiwa kavu. Meno yakibaki chini ya milimita 4, theluji imeshinda. Minnesota sheria haiwaruhusu wakazi kufunga tairi za misumari kwenye magari, tofauti na Finland au Sweden, kwa hiyo ubora wa mpira ndio tegemeo lako lote. Na upepo tena: PSI 33 ya ndani ya gereji ya nyuzi 20 inakuwa kama 27 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Pima asubuhi, nje, kabla ya kuwasha.

Ndani ya gari weka koleo fupi, mfuko wa mchanga, blanketi, waya za kuamshia betri, na tangi lisishuke chini ya nusu. Siku manispaa ya Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, usiache gari kwenye barabara kuu zilizotajwa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, upande wowote, litavutwa.

Kuhusu mwili, nguo za pamba zibaki nyumbani, viatu viwe namba moja zaidi na kamba zisikazwe, na mikono iingie kwenye ile mifuko minene inayofungwa juu ya usukani, kwani glavu peke yake hazitoshi kwa mtu aliyeshika chuma. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu huanzia juu. Nyuzi 10 chini ya sifuri zenye upepo wa kilomita 20 kwa saa mwili unazihisi kama 18, na mteremko unaongeza upepo huo. Maandiko mengi yanasema kuumwa na baridi huonekana kwa ngozi kuwa nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri weupe: tafuta rangi ya majivu, ngozi iliyofifia, ganzi, na ugumu kama nta ukigusa. Funika, ingia ndani, pasha kwa joto la mwili au maji ya vuguvugu. Usisugue.

Mkirudi, kung'uta theluji yote kabla baiskeli haijaingia ndani. Futa chumvi kwa kitambaa na maji kidogo ya vuguvugu, kausha cheni, paka oili, iegemeze mahali ambapo maji yatadondoka chini na si kwenye habu. Upepo wa tairi usiuguse. Ikipata joto tairi itaonekana ngumu kuliko ulivyoiacha, na wengi hapo huutoa; asubuhi nje wanakuta rimu imelala chini.