Ukitaka basi la jiji, anzia kwenye bajeti ya kaunti

Nimepanda matatu za namba 46 kati ya mjini Nairobi na mtaa wa Kawangware kwa miaka 11, na hakuna kilichonifunza habari za nauli kama mvua. Jioni moja ya Aprili nauli niliyolipa asubuhi kwa shilingi 50 ilikuwa imefika 100, na mama aliyenitangulia mlangoni, mtoto mgongoni, alihesabu sarafu zake mara mbili, akashuka akasimama kando. Nilimhurumia sana, lakini sikumlaumu makanga peke yake, kwa sababu gari linaloishi kwa nauli tu, tena lenye hesabu ya kupeleka kwa mwenyewe kila jioni, litangoja lijae na litapandisha bei abiria wakizidi.

Ipo miji iliyoamua vingine. Katika mji mdogo wa Chapel Hill, Marekani, mabasi hayatozi nauli tangu 2002, kwa kuwa mji huo, jirani yake Carrboro na chuo kikuu cha hapo huchangia gharama. Hata Nairobi, mwaka 1966, baraza la jiji lilikuwa na hisa asilimia 25 katika kampuni ya mabasi ya KBS, kwa hiyo wazo la jiji kuwa na mkono katika mabasi si geni kwetu.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeiachia kaunti usafiri wa umma wa barabarani, na makadirio ya bajeti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Basi hudhuria vikao vya ushiriki wa umma kabla ya hapo. Mara ya kwanza nilisimama nikalalamika kwamba usafiri ni mbaya, na malalamiko yangu yakaandikwa mstari mmoja. Mwaka uliofuata nilikwenda na daftari ambamo kwa majuma mawili nilikuwa nimeandika saa niliyofika stejini, saa niliyopanda na nauli niliyotozwa; safari hiyo niliulizwa maswali, na majirani watatu wakasimama kuongeza ya kwao. Andika ombi lako kwa nakala mbili, litaje steji na saa, liombe fungu la fedha la basi la jiji kwenye njia moja tu ya kuanzia, kisha usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa.