Nauli ya Ndege na Malipo ya Mzigo: Majibu kwa Wasomaji Watatu

SWALI: Mhariri, salaam. Desemba iliyopita mimi na kaka yangu tulisafiri pamoja kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kula Krismasi nyumbani. Ndege ilikuwa moja na viti vyetu vilifuatana, lakini yeye alikata tiketi mwezi Septemba, nami nikakata wiki moja kabla ya safari na kulipa zaidi ya mara mbili ya alicholipa yeye. Kwenye basi tungelipa sawa. Hii si dhuluma? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, nauli ya basi la mikoani ina kikomo kinachowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, na ndiyo maana aliyekata mapema na aliyekata asubuhi ya safari hulipa karibu sawa. Nauli ya ndege imeachiwa soko, na soko hilo lina hesabu ambayo abiria wengi hawajawahi kuelezwa.

Gharama ya kurusha ndege haibadiliki sana iwe imejaa au imebaki nusu tupu. Mafuta, mishahara ya marubani na wahudumu, ada za kutua, malipo ya kukodi ndege na matengenezo, vyote hulipwa. Kiti kilichoruka bila mtu fedha yake imepotea, kwa kuwa hakiwezi kuwekwa stoo kikauzwa kesho. Kwa hiyo shirika hutafuta namna ya kujaza ndege bila kumuuzia kwa bei ya chini mtu ambaye yuko tayari kulipa bei ya juu.

Nitatumia mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Ndege ina viti 76. Watu 20 wangependa kusafiri, lakini uwezo wao unaishia shilingi 150,000. Wengine 30 wanaweza kufika 250,000. Na 26 wana safari isiyoahirishika na watalipa hata 400,000. Shirika likiweka bei moja ya 150,000, wote watapanda na litapata milioni 11.4. Likiweka 250,000, wale 20 watabaki nyumbani na litapata milioni 14. Likiweka 400,000, watapanda watu 26 tu na mapato yatakuwa milioni 10.4. Lakini likiuza kila kundi kwa bei yake, ndege inajaa na mapato yanafika milioni 20.9. Kama safari hiyo inagharimu milioni 18, hakuna bei moja hata moja inayoweza kuiendesha, na njia hiyo ingefungwa.

Hivyo viti vya daraja la kawaida, ambavyo ukivitazama ni vilevile, hugawanywa katika ngazi za nauli, na kila ngazi hupewa herufi yake. Herufi hiyo imeandikwa kwenye tiketi yako. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya daraja la kawaida, na chini yake zipo nyingine nyingi. Ngazi ya chini ina viti vichache na masharti mengi: hairudishiwi fedha, ukibadili tarehe unalipa, na pengine haina mzigo. Viti vyake vikiisha, mfumo unafunga ngazi hiyo na kufungua ya juu yake. Kaka yako aliikuta ngazi ya chini ikiwa wazi. Wewe uliikuta imefungwa.

Wakati wa kuifunga nao haubahatishwi. Mwaka 1972 Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la ndege la BOAC la Uingereza, alionyesha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mifumo hii: uza kiti kwa nauli ya chini pale tu ambapo nauli hiyo inazidi nauli ya juu ikizidishwa kwa uwezekano wa kumpata mnunuzi wake. Kwa mfano wetu, 150,000 ni asilimia 37.5 ya 400,000. Shirika likiona kwamba uwezekano wa kiti kuuzwa baadaye kwa 400,000 unazidi asilimia 37.5, linaacha kukiuza kwa bei ya chini. Kwa safari ya Kilimanjaro tarehe 22 Desemba uwezekano huo unakaribia uhakika, kwa hiyo ngazi za chini hufungwa miezi kabla.

Marekani ndiko kanuni hii ilikoonyesha nguvu zake zote. Serikali iliacha kupanga nauli kwa sheria ya mwaka 1978, yakazaliwa mashirika ya bei nafuu kama People Express, na Januari 1985 American Airlines ikajibu kwa kutoa nauli za chini zenye masharti kwa idadi maalumu ya viti, huku viti vingine ikiendelea kuviuza kwa bei ya juu kwa wafanyabiashara. People Express, ambayo haikuwa na mfumo wa kompyuta wa kufanya hivyo, haikumaliza miaka mitatu mingine ikiwa shirika huru.

Safari yako ilikuwa na jambo moja zaidi. Wiki ya Krismasi watu wanapanda kwenda Moshi na Arusha, lakini ndege ileile hurudi Dar es Salaam ikiwa na abiria wachache, na mwanzoni mwa Januari hali hugeuka. Nauli ya upande uliojaa hubeba sehemu ya gharama ya upande mtupu. Ukiweza kwenda kinyume cha mkondo huo, au kutangulia kwa siku kadhaa, utaona tofauti kubwa.

Je, ni dhuluma? Kwa safari ya sikukuu, ambayo tarehe yake inajulikana mwaka mzima, nasema hapana. Lakini hesabu hiyohiyo humwangukia aliyepigiwa simu usiku kwamba mzazi wake amefariki Bukoba na maziko ni keshokutwa. Mfumo unamhesabu pamoja na mfanyabiashara anayelipiwa na kampuni, kwa sababu wote wawili wamenunua dakika za mwisho. Hilo naliona kuwa kosa, na lina dawa: Air Canada, kwa mfano, ina nauli maalumu ya msiba kwa ndugu wa karibu wanaotoa uthibitisho. Katika nchi zetu, ambako kusafiri kwenda kuzika ni wajibu usio na mjadala, mashirika yangepaswa kuwa ya kwanza kulifikiria.

SWALI: Assalaam alaykum. Nilitoka Muscat nikiwa na kilo 30 kama tiketi yangu ilivyoruhusu. Nilipofika Unguja kupanda ndege ndogo ya kwenda Pemba nikaambiwa ruhusa ni kilo 15, zilizozidi nilipie, na sanduku langu gumu nalo halikutakiwa. Mzigo ulikuwa uleule ulioshuka saa mbili kabla. Vipi ndege moja iukubali na nyingine iukatae? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Bila shaka ulikuwa na tiketi mbili zilizokatwa mbali mbali, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mashirika yenye makubaliano ya kupokezana abiria yakikukatia tiketi moja hadi mwisho wa safari, kwa kawaida ruhusa ya mzigo huwa moja njia nzima, nayo huandikwa kwenye tiketi. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linahesabu safari yako kwa kanuni zake, kana kwamba umetokea mjini na kuingia uwanjani.

Katika ndege hizo ndogo, hata hivyo, kilo 15 zina sababu ya kweli. Cessna Caravan, ambayo ni ya kawaida katika anga ya Zanzibar, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi takriban tani 4, na ndani ya uzito huo yamo mafuta, abiria, rubani na ndege yenyewe. Mizigo huwekwa kwenye kisanduku chembamba kilicho chini ya tumbo la ndege na nyuma ya viti, na mlango wake ni mdogo kiasi kwamba begi laini huminywa likaingia pale ambapo sanduku gumu la ukubwa uleule hukwama. Kilo 15 zako za ziada zingeweza kumnyima mtu kiti.

Kwenye ndege kubwa sababu ni nyingine. Uzito unakula mafuta, ni kweli, lakini malipo ya begi huko yamekuwa zaidi njia ya kushusha bei inayotangazwa. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda hadi pipa kuvuka dola 147 mwezi Julai, American Airlines ilikuwa imekwisha kuanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani ya Marekani, na mashirika makubwa mengine yakafuata. Mafuta yaliposhuka kabla ya mwaka kwisha, malipo hayo hayakushuka. Yana faida nyingine kwa shirika: kodi ya asilimia 7.5 ambayo serikali ya Marekani hukata kwenye nauli za ndani haigusi malipo ya begi. Southwest, iliyojijengea jina kwa kubeba mabegi mawili bure, nayo iliacha utaratibu huo Mei 2025.

Kwetu Tanzania mtindo huu ulionekana wazi Fastjet ilipoanza safari Novemba 2012 kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000. Kodi zilikuwa mbali, na begi la kupakiwa lililipiwa peke yake. Wengi waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walipanda kwa sababu ya bei ile, na hilo lilikuwa jambo jema. Sioni ubaya kumtenganishia bei abiria asiye na mzigo na mwenye sanduku mbili. Ninachokipinga ni kuficha malipo hayo mpaka mtu amesimama mbele ya mzani na foleni iko nyuma yake, mahali ambapo hana tena nafasi ya kuchagua. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba begi la kupakiwa laweza kutozwa, lakini mzigo wa mkononi wa ukubwa wa kadiri ni sehemu ya lazima ya safari. Mpaka huo ningependa tuuandike katika kanuni zetu pia.

Kwa safari yako ijayo, muulize wakala kama tiketi moja ya Muscat hadi Pemba inapatikana. Isipopatikana, nunua kilo za ziada mapema, kwa kuwa kwa mashirika mengi bei ya mtandaoni ni ndogo kuliko ya kaunta. Tena mzigo mzito wa zawadi unaweza kuvuka kwa boti huku wewe ukiruka.

SWALI: Kila nikiangalia nauli kwenye simu, nikirudi baada ya saa moja imepanda. Je, wanajua kwamba nina shida? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mara nyingi kilichotokea ni kwamba viti vya ngazi uliyoiona vimeuzwa, au vimeshikiliwa kwa muda na mtu ambaye hajakamilisha malipo. Akishindwa kulipa, bei inaweza hata kurudi chini. Pengine tovuti ya wakala ilikuonyesha bei ya zamani ambayo ilikuwa haijasasishwa.

Jambo la kuangalia zaidi ni idadi ya watu. Ukitafuta viti vinne na ngazi ya chini imebakiza viwili, mifumo mingi itawapandisha wote wanne kwenye ngazi ya juu. Jaribu kutafuta mtu mmoja kwanza, kisha wawili, uone bei inarukia wapi. Ukikata kwa mafungu, wasiliana na shirika mara moja waziunganishe tiketi zenu, ili safari ikibadilishwa msitenganishwe, hasa kama mna watoto.