Vistari Viwili Vimekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Langoni, Lamu. Nimeandika mwongozo wa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana ninaowafunza usiku baada ya Isha. Zoezi letu ni faili moja, nauli.txt, yenye nauli za boti za Mokowe, Shela na Matondoni. Kila amri niliijaribu kwenye kompyuta yangu kabla ya kuiandika, na ilikubali. Lakini vijana wakinakili kutoka kwenye PDF, makosa hayaishi. Mara Git haijui faili iitwayo "–amend", mara terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inalalamikia mabano. Mmoja ameniambia mwongozo wangu ni wa kubahatisha. Nimeambatisha kurasa chache uzione. Nianzie wapi kusahihisha?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kurasa nimezisoma, na Kiswahili chako kinapendeza. Tatizo ni kwamba ulizojaribu wewe si hizo wanazonakili vijana. Ulizijaribu kwenye terminali, kisha ukaziandika upya ndani ya programu ya kuandikia, nayo ikazipamba bila kukuuliza.

Tazama ukurasa wa amri ya kurekebisha komiti ya mwisho, yaani hatua ya mwisho ya kazi iliyohifadhiwa kwenye historia. Wewe ulikusudia hivi:

git commit --amend

Programu ikaviunganisha vile vistari viwili vikawa mstari mmoja mrefu kidogo. Kwa jicho la msomaji ni kitu kilekile. Kwa Git, kisichoanza na kistari cha kawaida si chaguo tena, kwa hiyo "–amend" inachukuliwa kuwa jina la faili, na faili hiyo haipo. Alama za kunukuu nazo zimepindwa. Ujumbe wa komiti wenye maneno mawili, “Nauli mpya”, unakatwa kwenye nafasi, na Git inaanza kutafuta faili iitwayo mpya”. Ujumbe wa neno moja ndio wenye hila zaidi: unapita bila kosa, ila zile alama zilizopindwa zinaingia ndani ya historia na kukaa humo. Zima usahihishaji wa kujiendesha kabla hujagusa kitu kingine, kisha amri zote zipe fonti ya herufi zenye upana sawa.

Vijana wanaotumia cmd, terminali ya Windows, waandikie alama za kunukuu za mbili mbili ("), si za moja moja ('). Cmd haizitambui zile za moja, na ujumbe wao utakatwa vilevile.

Mabano ya pembe, kama git switch <tawi>, ni desturi ya miongozo kumaanisha "weka jina lako hapa". Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajui desturi hiyo, na terminali inaisoma alama ya < kama agizo la kupokea maandishi kutoka kwenye faili. Mwandikie jina halisi la tawi, yaani mkondo wa kazi uliojitenga: git switch nauli-mpya. Na ile alama ya $ uliyoitanguliza kwenye kila mstari iondoe, maana wanainakili pamoja na amri.

Sasa nifike kwenye ukurasa ulionitia hofu, ule wa "Kurudi nyuma hatua moja". Umeandika git reset --hard HEAD^, ambapo HEAD ni komiti uliyopo sasa na ^ ni ile iliyo kabla yake. Amri ni sahihi kabisa, na ndiyo nisiyoitaka humo. Kijana aliyebadilisha nauli ya Matondoni na hajaikomiti ataipoteza, wala Git haitamuuliza mara mbili. Tena ile alama ya ^ ina kazi yake maalumu kwenye cmd, kijana atabaki akiulizwa "More?" asijue ajibu nini. Mpe hii:

git revert --no-edit HEAD

Inaongeza komiti mpya inayotengua ile iliyotangulia, na historia inabaki. Hiyo reset ipeleke sura ya mwisho, na uandike HEAD~1 badala ya HEAD^.

Kuhusu git checkout, bado inafanya kazi. Lakini tangu toleo la 2.23, Agosti 2019, kuna git switch ya kuhama tawi na git restore ya kurudisha faili. Kwa wanaoanza ningetumia hizo. Checkout ina kazi nyingi mno, na baadhi yake hufuta.

Tawi je? Umeandika git push origin main, na vijana wanajibiwa kwamba main haipo. GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, ilianza kuliita tawi la kwanza main mwezi Oktoba 2020, ilhali Git kwenye kompyuta zao huenda ingali inaanza na master. Waanzishe ghala, yaani folda inayotunzwa na Git, kwa git init -b main, inayokubalika kuanzia toleo la 2.28. Waangalie kwanza git --version.

Ukimaliza, usijaribu kwenye kompyuta yako. Yako inajua jina lako na barua pepe yako tangu zamani. Ya mwanafunzi huenda ikakataa kukomiti mpaka aandike git config --global user.name na user.email, na ukurasa huo sikuuona popote. Azima kompyuta ya mtu, fungua PDF yenyewe, tengeneza folda tupu, unakili amri moja moja tangu ukurasa wa kwanza.

SWALI: Shangazi, nikiona kosa kwenye mwongozo wa Git wenyewe, kuna wa kumwambia? Au ni wa wakubwa tu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wakubwa gani tena, jirani yangu! Linus Torvalds aliianzisha Git mwaka 2005, na mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano uangalizi. Mwongozo ni faili za maandishi za AsciiDoc, mtindo wa kuandika kwa alama nyepesi, zilizomo kwenye folda ya Documentation, ndani ya msimbo wenyewe. Sahihisha, komiti kwa git commit -s ili jina lako liingie kuthibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo, tengeneza kiraka, yaani faili yenye mabadiliko yako tu, kwa git format-patch, ukitume kwa barua pepe. Maelekezo yamo kwenye faili ya SubmittingPatches, folda hiyohiyo. Kosa moja, kiraka kimoja, na ueleze kwa nini mfano wa zamani haufai. Ukiandika tu "nimerekebisha", utarudishiwa maswali.