Bunduki ya babu: weka msasa chini kwanza

Ndugu, pole na msiba. Umeuliza bunduki ya babu yenye maandishi "I.G.Mod.71" ubavuni ina umri gani, itauzwa bei gani, na kama uing'arishe kwanza.

Hiyo ni Mauser ya Kijerumani, muundo wa 1871, ya risasi moja moja za milimita 11. Ingesomeka 71/84 ingekuwa ile yenye bomba la risasi nane chini ya mtutu. Askari wa Wajerumani huku kwetu walikuwa bado wanazibeba vita vya 1914 vilipoanza, na baruti yake nyeusi ilifuka moshi kama tanuri la mkaa; adui anajua ulipolala. Sasa angalia shina la mtutu: kuna taji, jina la kiwanda (Spandau, Danzig, Amberg…) na mara nyingi mwaka.

Bei inategemea namba. Zilizogongwa kwenye mtutu na kwenye komeo (kile chuma chenye mkono unachovuta kupakia risasi) zikilingana, una kitu, zikitofautiana, imeungwaungwa. Na hiyo rangi ya ukale unayotaka kuisugua ndiyo anayoilipia mnunuzi! Kitambaa na mafuta kidogo vinatosha.

Kabla ya yote, nenda kituo cha polisi ukaeleze kwamba ni mirathi. Nenda mikono mitupu, usiibebe kwenye bodaboda, wao watakuelekeza. Bila kibali hakuna mnunuzi halali, ni kesi tu. Na usijaribu kuifyatua, hata kama mjomba anasema "bado nzima".