Mjomba wako alipewa kipaumbele cha getini

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta sokoni nachagua karanga. Nikakujibu "nitaandika", maana si jambo la kujibu kwa kidole gumba huku muuzaji anakusubiri. Unasema mkurugenzi wenu anataka tangazo la kazi za madereva, mafundi na watunza ghala liwe na mstari huu: "Waliopitia jeshi au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) watapewa kipaumbele." Wewe ndiye wa kulitoa, na roho inasita. Unaniuliza kama ni haki, kwa kuwa mama yako alikaa kwenye vikao vya usaili mpaka akastaafu.

Acha nianze na mjomba wako, maana wewe ulimkuta tayari ni mzee wa getini na huenda hujui alifikaje pale.

Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mjomba alikuwa mgambo hapahapa Tabora, ana miaka 22. Akachukuliwa. Huko mbele mafundi wakawa pungufu, akakabidhiwa spana. Watu wakimwomba asimulie vita huwa wanasikitika, kwa sababu Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye hakuona kitu. Alikuwa chini ya lori, njia ya Masaka, anabadilisha klachi. Alirudi nyumbani na sikio la kushoto lisilosikia vizuri, na ufundi ambao hapa mjini walikuwa nao watu wachache sana.

Akaenda kuomba kazi ya ufundi kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Afisa aliyempokea akasoma karatasi yake ya jeshi, akainuka kumpa mkono, akamwambia, "Watu kama wewe ndio tunaowatafuta." Wakampa rungu, tochi na koti zito la usiku. Alilinda geti lile miaka 19. Madereva walikuwa wakimfuata usiku kwa siri, kabla ya safari. Mjomba anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya lile sikio bovu. Anafumba macho. Kisha anasema, "Beringi ya water pampu, hufiki Nzega." Asubuhi fundi mkuu anaambiwa dereva ndiye aliyegundua.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanajeshi wapewe kipaumbele, huwa nauliza kipaumbele cha wapi. Mjomba wako alipewa. Hakuna raia aliyemtangulia kwenye lile rungu.

Na mimi usinione malaika. Kuna mwaka tulikuwa tunatafuta mtunza stoo, akaja koplo mstaafu aliyetunza stoo ya kikosi miaka 11. Kila swali alilijibu amesimama wima, mikono ubavuni, "Ndiyo, afande," hata kwangu mimi niliyevaa kitenge. Mjumbe mmoja alijiziba uso kwa faili asicheke. Kwenye safu ya mawasiliano nilimpa 3 kati ya 10, akakosa kazi kwa alama 2. Tuliyemchukua alikuwa anaongea vizuri mno. Leja ndiyo ilimshinda, na mwaka haujaisha mabati yakawa yamepungua na hakuna karatasi inayosema yamekwenda wapi. Yule koplo hakuhitaji nimpendelee. Nilitakiwa nimuulize alivyokuwa akihesabu mali ya kikosi, basi.

Sasa huo mfano wa Marekani anaoutoa bosi wako. Nimeusoma, usicheke, simu uliyoninunulia naitumia. Sheria yao ya 1944, aliyoisaini Rais Roosevelt vita vikiwa bado vinapiganwa, inamwongezea mwanajeshi alama 5, na aliyeumia alama 10, lakini juu ya mtihani ambao kwanza ameufaulu. Tena ni kwa kazi za serikali kuu, yaani aliyemchukua kijana ndiye anayelipa. Na baadaye wakaongeza kwamba aliyestaafu akiwa meja au zaidi haongezewi kitu isipokuwa awe na ulemavu. Hapo ndipo nilipowaelewa. Sheria haigawi heshima, ingegawa heshima ingeanza na wakubwa. Inarudisha miaka kwa yule aliyepelekwa vitani huku mwenzake amebaki ofisini anapanda cheo.

Lakini wengine huko kwao walipitiliza. Jimbo la Massachusetts liliamua kwamba aliyetumikia jeshi akifaulu tu, anapangwa juu ya raia wote, na hivyo hivyo maisha yake yote. Mwaka 1971 mama mmoja, Helen Feeney, alishika nafasi ya pili kwa alama kwenye mtihani wa kazi. Kwenye orodha akawekwa wa sita, nyuma ya wanaume watano wa jeshi. Kesi yake ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1979 akashindwa. Majaji wengi walisema sheria ile haikutungwa kwa nia ya kuwabagua wanawake. Sawa, nia haikuwepo. Ila jeshi lenyewe lilikuwa limewawekea wanawake kikomo cha asilimia 2 mpaka 1967. Unamfungia mtu mlango wa kwanza, kisha kwenye mlango wa pili unamwambia sharti awe alipita ule wa kwanza. Dada yako anaendesha lori, mwulize mstari wa bosi wako ungemfanya nini.

Jiulize na wewe mwenyewe. Zamani zetu JKT tulikwenda wote kwa mujibu wa sheria, wasichana na wavulana, tukimaliza kidato cha sita. Nilibeba jembe na nikanyolewa kama wenzangu. Kwa kuwa wote tulipita, cheti kile hakikumzidishia mtu kitu. Lakini mafunzo ya mujibu yalisitishwa 1994, yakarudi 2013. Wewe ulimaliza kidato cha sita 2010. Ungeomba leo kazi kwenye kampuni hiyo hiyo, tangazo unalotakiwa kulitoa lingekusukuma nyuma kwa kosa la kuzaliwa mwaka uliozaliwa. Na tena, kijana aliyefanya mujibu miezi mitatu anawekwaje mstari mmoja na aliyelala kwenye handaki?

Bosi amekuambia sababu yake ni nidhamu. Hapo nilitulia kidogo. Nidhamu gani? Kama ni kufika saa moja na kutunza gari, mpe mwombaji yeyote gari na miezi mitatu ya majaribio utaijua. Kama anatafuta watu wasiouliza malipo ya saa za ziada, basi hajui wanajeshi. Januari 1964, askari wa kambi ya Colito kule Dar walipoasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika, wenzao wa kambi ya Kalewa hapa Tabora hawakukawia kuwafuata. Sisemi walifanya vyema, nchi nusura iyumbe. Nasema kombati haimwondolei mtu tumbo.

Kwa hiyo andika hivi, kama utanisikiliza. Ule mstari uufute. Mahali pake weka kwamba uzoefu wa udereva, ufundi na stoo uliopatikana jeshini utahesabiwa sawa na wa uraiani, mwaka kwa mwaka. Ajaye ajaribiwe kwa kazi yenyewe: fundi apewe injini, wa ghala apewe leja. Wakilingana wawili kabisa, na mmoja alitumikia vitani, mchukue huyo, mimi sina neno. Aliyeumia ana njia yake tayari: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi asipungukiwe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ninyi mko 200, kwa hiyo ni 6. Mmewafikisha? Mwulize bosi hilo kwa upole, kwenye kikao, mbele ya watu. Na ukishaajiri wanajeshi, pita baada ya mwaka uhesabu wangapi wako getini.

Nimekutumia matobolwa, vile viazi vikavu vya kwetu, na chupa mbili za asali kwa basi la kesho. Kavichukue Mbezi mapema, wasije wakavifungua. Mwanao mpe asali kidogo kidogo.

Jana jioni nilimsomea mjomba wako ujumbe wako chini ya mwembe, kwa sauti, upande wa sikio zima. Alinyamaza kitambo. Nikadhani ameumia, nikaanza kukusemea. Akainua mkono ninyamaze.

"Kwanza," akasema, "malori yao ni ya aina gani?"

Mama yako