Maswali ya Wasomaji: Sentensi Iliyojazwa Lumbesa

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu. Usiku, nikimaliza kusahihisha madaftari, huandika hadithi fupi, lakini mwenzangu ananiambia kuwa zinamchosha tangu aya ya kwanza. Mpya inaanza hivi: "Ilikuwa ni asubuhi ya siku ya Jumatatu ambapo kulikuwa na ukungu mwingi ambao ulikuwa umetanda katika mji wa Tukuyu." Nimekosea wapi? Na wewe muda wa kuandika unaupata wapi?

JIBU: Mwalimu, sentensi yako haina kosa la sarufi, na pengine ndiyo maana hukuuona ubovu wake. Ni lumbesa. Katika Nyanda za Juu Kusini hakuna asiyelijua gunia la viazi linaloongezewa kichwa hadi likapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na ziada hiyo humuumiza mkulima. Katika maandishi anayeumia ni msomaji. Jumatatu ni siku, Tukuyu ni mji, na yote mawili anayajua. Ukipunguza, maneno 19 yanakuwa matano: "Jumatatu asubuhi ukungu ulitanda Tukuyu."

Hata hivyo nisingeishia hapo, kwa kuwa ukungu kutanda Tukuyu si habari kwa mtu yeyote. Kumbuka unavyosimama stendi alfajiri, kisha uandike, kwa mfano: "Tulimsikia kondakta akiita Mbeya wawili, wawili tunaondoka, nasi hatujaiona Coaster yenyewe, ingawa ilikuwa hatua kumi mbele yetu." Neno ukungu halimo, lakini msomaji ameshaanza kupapasa njia.

Linalonikera zaidi ni hilo "ambapo". Kazi yake ni kurejelea mahali au wakati, lakini taarifa za habari zimeligeuza gundi ya kuunganishia kila kitu ("mkutano umefanyika ambapo mgeni rasmi amesema"), nasi tunaliokota bila kufikiri. Kiswahili kina njia nyepesi zaidi: "wakati ambapo alifika" ni "alipofika", na kwa matukio yanayofuatana tunayo -ka-, ambayo bibi zetu waliitumia kutusimulia hadithi nzima bila kuchoka: akafika, akaketi, akanyamaza.

Kuhusu muda, mimi pia ni mwajiriwa. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa idara ya forodha kwa miaka mingi, kwa hiyo kisingizio cha ajira tumenyang'anywa zamani. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, na mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali, hujifunga blanketi mabegani, kaunta buku nikaiweka mapajani, nikaandika ukurasa mmoja au nusu. Jioni siandiki, husoma kwa sauti kazi ya asubuhi, na kila ninapolazimika kuvuta pumzi katikati ya sentensi ninapiga mstari. Mke wangu, akiwa jikoni, huitambua mistari hiyo kabla yangu.

Kwako ningebadili jambo moja tu, nalo ni mpangilio. Unaandika baada ya kusahihisha, kalamu nyekundu ikiwa bado na joto la mkono wako, na nadhani ndiyo sababu sentensi zako zinaogopa kukosea. Andika kwanza, hata kwa nusu saa, kisha ufungue madaftari ya watoto.

SWALI: Niko Makambako. Je, ni lazima niwe na kompyuta ndipo niandike riwaya?

JIBU: Hapana, daftari linatosha, na simu pia inatosha. Lazima ni kuwa na nakala ya pili. Mimi niliibiwa simu stendi ikiwa na sura tatu ambazo sikuwa nimezihifadhi kwingine, na nilipojaribu kuziandika upya nilikumbuka moja tu. Tangu hapo, kila Jumapili jioni hujitumia kazi ya wiki nzima kwa barua pepe.