Kabla ya Kushusha Sedani Yako, Anza na Shokapu

Watu wanaotaka kubadilisha sasipensheni, yaani springi, shokapu na mikono inayoshika magurudumu, ya sedani ya spoti huniuliza kwanza gari lishushwe kwa kiasi gani, nami huwarudishia swali: gari linakukera wapi? Kulala upande kwenye kona ni tatizo moja, kuendelea kudundadunda baada ya kuvuka tuta ni jingine, na kuinamisha pua kila unapokanyaga breki ni jingine tena. Nimebadilisha vifaa hivi kwenye gari langu na kuendesha ya wenzangu yaliyofungwa vifaa tofauti, na ushauri wangu ni kwamba fedha nyingi ziende kwenye shokapu, kisha urefu wa gari uamuliwe mwisho.

Springi hubeba uzito na huamua gari litazama kiasi gani. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, na hivyo huamua mzamo huo utokee kwa kasi gani na springi itulie mapema kiasi gani. Ukifunga springi fupi na ngumu juu ya shokapu za kiwandani, shokapu hizo hulazimika kuzuia nguvu ambayo hazikutengenezwa kuizuia, tena zikiwa na nafasi ndogo. Tuseme gurudumu lilikuwa na milimita 70 za kupanda kabla ya kugusa kile kimpira kinachozuia shokapu isigonge mwisho. Ukishusha gari kwa milimita 30, zinabaki 40, na kwenye kona yenye mashimo gari litakuwa limeegemea kimpira hicho muda mwingi. Dereva huhisi ugumu na kudhani ndio uspoti wenyewe, kumbe gurudumu linarukaruka na tairi linapoteza mshiko.

Kwa magari yenye stratu za MacPherson, ambapo shokapu na springi ni mhimili mmoja unaoshika gurudumu, kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Gari likishushwa kupita kiasi, mikono ya chini inayoshika magurudumu huinuka upande wa nje, na kitovu ambacho bodi hukizunguka kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, hivyo nguvu inayolaza gari hupata wenzo mrefu zaidi. Ndiyo maana gari lililoshushwa sana linaweza kuhitaji springi ngumu mno ili tu lisilale kuliko lilivyokuwa mwanzo. Binafsi sioni sababu ya kuvuka milimita 25 au 30 kwa gari la kila siku.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha tatizo si uchakavu. Ingia chini ya gari utazame shokapu: vumbi lililoshikana na mafuta kuanzia kwenye sili, yaani kizibo cha juu kinachozuia mafuta yasitoke, kuteremka chini ni dalili kwamba shokapu imeanza kuvuja. Sukuma bushi, yaani viungio vyenye mpira vya mikono hiyo ya magurudumu, kwa mtarimbo mdogo uone kama mpira umechanika.

Kama gari ni zima na unapenda urefu wake, shokapu ya Bilstein B6 hutengenezwa kwa springi za urefu wa kawaida, ilhali B8 ni fupi na imekusudiwa springi fupi za kushusha gari. Mimi nilichukua B6, nikaacha springi za kiwandani, kisha nikaweka stabilaiza nene zaidi ya nyuma, ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana, kwa sababu gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele na lilikuwa linasukuma pua nje ya kona. Ugumu wa stabilaiza huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 22 hadi 24 ni ongezeko la takriban asilimia 40. Usiruke saizi mbili kwa pupa, hasa kama unaendesha kwenye mvua.

Koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja ambazo urefu wake hurekebishwa, ni nzuri kwa anayekwenda kwenye uwanja wa mbio na aliye tayari kurekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja huku akiandika kila badiliko. Kwa wengine, vitufe vyake vingi vya kurekebishia hubaki palepale fundi alipoviacha, na nyuzi zake za skrubu za kurekebishia urefu zisiposafishwa hushikwa na tope na kutu. Tena, koilova ya bei ya chini kuliko shokapu nzuri za kawaida mimi siigusi.

Gari lenye shokapu zinazodhibitiwa kwa umeme lihesabiwe tofauti: ukiweka za kawaida bila kifaa kinachoifanya kompyuta ya gari idhani zile za awali bado zipo, taa ya onyo itawaka.

Katika ufungaji, badilisha mauntingi za juu, zile zinazoshikiza shokapu kwenye bodi, na vimpira vya kuzuia kwa pamoja, maana kazi ya kuvifikia ni ileile. Mwambie fundi akaze boliti za bushi za mikono ya chini gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa wakati magurudumu yananing'inia, mpira hubaki umejisokota gari likishushwa kutoka kwenye jeki, na hupasuka mapema. Baada ya springi mpya kukaa sawa, fanya wili alaimenti na udai karatasi ya vipimo, kwa kuwa magurudumu yasipoelekezwa sawasawa hula matairi haraka. Kama urefu wa gari umebadilika, mwanga wa taa za mbele nao upimwe siku hiyohiyo.